Kwa Nini Sipeleki Gia Namba Saba

Mpendwa binti yangu Cherotich,

Nakuandikia nikiwa karakana. Ni Jumamosi mchana na mvua imewazuia wateja. Jumatatu asubuhi nitabeba mfano wa mbao kwenda nao Nakuru, kwa wale wanaoyeyusha chuma, watumiminie gia za mashine sita za kukata majani ya ng'ombe. Ni zile mashine ambazo akina mama wa kikundi cha Kiptere walianza kuzingoja ukiwa bado hai. Gia ikishamiminwa, haibadilishwi. Na gia ninayopeleka si ile uliyoizungushia kalamu nyekundu.

Wengi wameniuliza juu ya jambo hili, kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya kupima majani chai. "Fundi, si ungefanya tu ile mtoto alichagua?" Mimi si mtu wa kujibu haraka. Nikianza kueleza mambo ya meno na mzigo, huwa nachora chini kwa kijiti, na kabla sijamaliza mtu anakumbuka ana ng'ombe wa kukamuliwa. Kwa hiyo naandika. Wao wasome wakitaka, lakini nakuandikia wewe kwanza, kwa sababu kazi ilikuwa yako.

Siku uliyokuja likizo ukiwa umeamua kwamba mradi wako wa mwaka wa mwisho utakuwa mashine yangu, ulikaa juu ya lile pipa la dizeli, penseli ndani ya nywele, ukaniuliza kama karani.

"Baba, unataka gia gani?"

"Nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri ni nzuri. Isivunjike. Mtu akizungusha asichoke. Na mashine yenyewe isiwe mzigo wa punda."

"Hizo ni tatu," ukasema. "Na hazipendani."

Nilikuwa nimetengeneza mashine kwa miaka mingi kwa kukisia, nikivunjikiwa nafanya nene, wakilalamika nafanya nyembamba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vitu vinavyonisumbua havipendani. Ulinichorea kwa chaki juu ya meza ya chuma. Gia ndogo iko kwenye hendeli, gia kubwa iko kwenye rola zinazovuta majani. Ukipunguza ile ndogo, mkono unakuwa mwepesi, lakini meno yake yanakuwa membamba na yanaweza kukatika. Ukinenepesha meno, ili mkono ubaki mwepesi, lazima gia kubwa ikue. Ikikua, fremu nayo inakua, na mashine haibebeki. Ukivuta huku, kule kunaachia.

"Kwa hivyo umeenda shule miaka mitatu kuja kuniambia hakuna gia nzuri?"

"Ziko nyingi, Baba. Hiyo ndiyo shida."

Kisha ukafungua kompyuta. Ilijaribu gia mamia kwa mamia, na ile iliyoshindwa na mwenzake kwa mambo yote matatu, ikaitupa. Zikabaki kumi na nne. Kila moja ya hizo kumi na nne ilikuwa na kitu kimoja inachozishinda nacho nyingine, na kitu kimoja cha kuonea aibu. Ulizichora kama nukta kwenye karatasi ya grafu, zikashuka kwa mstari uliopinda kama barabara ya kutoka Mogogosiek.

Nilikuambia naelewa, ni kama ng'ombe. Yule wa maziwa mengi anaugua kila wiki. Yule asiyeugua, maziwa yake ni ya kutia chai tu. Wote wawili unaweza kuwafuga, inategemea shida yako. Lakini yule wa maziwa kidogo na bado anaugua, huyo anauzwa.

Uliruka kutoka kwenye pipa. "Baba, ndiyo hiyo! Nitaandika hivyo kwa ripoti."

"Usiandike. Mwalimu wako atafikiri babako ni dalali wa mnada."

Wiki hiyo ulipima kila kitu nyumbani. Niliazima mizani ya ndoano kwa muuza nyama, ukaitundika kwenye hendeli ili uone ni nguvu kiasi gani inahitajika kuzungusha. Ulibeba ile kalipa yangu ya kupimia unene mfukoni hadi jikoni ukapima chapati za mama yako.

"Mama, hii ni milimita tatu. Hii ni tano."

"Ya tano ni yako," akasema. "Kula unyamaze."

Nayakumbuka haya madogo kuliko mahafali. Siku ya mahafali nilikuwa nimevaa viatu vya kubana na sikusikia hotuba.

Baada ya kupata zile kumi na nne, nilidhani sasa utaniambia ni ipi. Ukakataa. Ukasema kompyuta haiwezi kuchagua, na hata wewe huwezi, kwa sababu haijui nani atazungusha na ana shida gani. Ndipo ukaita akina mama pale kanisani baada ya ibada. Uliweka mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia mezani, kila mmoja na karatasi yake: MKONO MWEPESI, MENO MAGUMU, RAHISI KUBEBA. Ukampa kila mama maharagwe kumi ayagawe apendavyo.

Mama Moraa, yule jirani wetu aliyetoka upande wa Kisii na kununua kile kipande kidogo juu ya mto, akauliza kama anaweza kupika yake.

"Ukipika moja umepunguza kura yako," ukamwambia.

"Basi nitaweka yote kwa mkono mwepesi. Hii bega imezungusha ya babako mpaka inajua kuomba."

Walicheka, na mimi nikacheka, ingawa mashine iliyomchosha ilikuwa yangu. Wanaume hatukuwa tumefikiria kuwauliza. Mimi nilikuwa nikijaribu mashine kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa mtu anayepiga nyundo tangu ujana, na nikiona inazunguka naiita nyepesi.

Maharagwe yalikuwa mengi kwa mkono mwepesi, kisha kwa kubeba. Meno magumu yalipata machache. Nilielewa sababu ya kubeba. Mashine za kikundi hazikai boma moja, zinahama kila wiki, na wanaozihamisha ni wao, mgongoni, kwa kamba, kupanda na kushuka. Mama yako aliteleza na ile mashine yangu ya kwanza karibu na kituo cha kununulia majani chai, na tangu siku hiyo akiinama kufunga kiatu unamsikia. Hukusema, lakini nilijua ulipokuwa ukihesabu uzito, mgongo uliokuwa ukiuona ni wake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikukuambia, kwa sababu nami sikulijua.

Kabla ya kupima nguvu, uliniuliza, "Baba, wakati wa kiangazi ng'ombe wanakula nini?" Nilikuwa nachomelea. Sikuvua hata miwani. Nikakujibu, "Napier. Na nyasi za mtoni." Ukaandika. Ukakata majani ya napier yetu, ukapima, na kila hesabu uliyofanya baadaye ilisimama juu ya jibu hilo.

Halikuwa uongo. Kwetu ndivyo ilivyo. Tukishavuna mahindi tunafungua lango, ng'ombe wanaingia shambani, wanakula mabua yakiwa yamesimama, na hakuna mtu anayekata chochote. Babangu alifanya hivyo na babake pia. Sikuwahi kufikiri kwamba bua la mahindi linaweza kupita kwenye mashine, kama usivyofikiri kukata ugali kwa msumeno.

Ulipougua tukakupeleka hospitali ya Longisa. Wiki ya pili ukapata nafuu kidogo, ukaniagiza ile karatasi ya grafu. Ulimwomba muuguzi kalamu, akakupa nyekundu, na ukazungushia nukta namba saba. Mkono mwepesi kuliko zote, na uzito ambao mtu mmoja anabeba. Meno yake membamba, lakini kwa napier yanatosha. "Hii Mama anaweza kubeba peke yake," ukasema. "Nikirudi tunaanza nayo." Nilikunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa shati. Siku nne baadaye tulikuwa tukitafuta gari la kukurudisha nyumbani kwa namna nyingine.

Sitaandika mengi kuhusu siku zile. Watu walikuja, waliimba, walipika. Walipoondoka, mama yako aliitia karatasi ile ndani ya plastiki akaigongea msumari hapa karakana, juu ya grainda. Ndiyo alama ya mwisho ya mkono wako tuliyo nayo. Kila asubuhi nikifungua mlango naiona kabla sijaona kitu kingine.

Kabla ya kumimina gia za mashine zote, nilitengeneza gia mbili za namba saba za kujaribia. Moja nikaifunga kwenye mashine nikampelekea Mama Moraa, mwezi wa kwanza, jua likiwa kali. Alizungusha kwa mkono mmoja akicheka, mwingine ameweka kiunoni. Nilirudi nyumbani nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Siku ya tatu akanipigia simu. "Baba Cherotich, mashine yako imelia, halafu imenyamaza."

Nilipofika, meno mawili yalikuwa yamekatika kwenye gia ndogo, moja liko chini kwenye vumbi.

"Ulikata nini, mama?"

"Mabua."

"Mabua ya mahindi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Kwani nyinyi mwezi wa kwanza ng'ombe wenu hula hewa?"

Akanionyesha. Ana shamba dogo, na sehemu kubwa ni chai. Hana pa kufungulia ng'ombe, hana nyasi za mtoni. Anapovuna, anakata kila bua, anafunga mafungu, anayapanga juu ya boriti za banda mpaka yakauke. Kiangazi chote anakata hayo, ananyunyiza maji ya chumvi, ng'ombe wanakula. Na si yeye peke yake. Nilipita boma moja hadi jingine siku hiyo na iliyofuata, nikiinua macho kwenye mabanda. Zaidi ya nusu ya kikundi wanaweka mabua. Wengine ni watu wetu kabisa, waliogawa mashamba mpaka hakuna pa kuachilia ndama. Nimeishi nao miaka yote hii, nimewarekebishia malango na mitungi ya maziwa, na sikuwa nimeinua macho.

Jioni nilitoa daftari lako. Una mwandiko mzuri, sijui uliutoa wapi, si kwangu. Pale juu ya safu ya chakula umeandika: napier. Na pembeni, kwa mabano, kama ulivyofundishwa kuonyesha habari imetoka wapi: Baba.

Kesho yake nilienda tena kwa muuza nyama kuazima mizani. Nikatundika kwenye hendeli, nikapitisha mabua makavu. Sindano ilishuka karibu mara mbili ya ulivyoandika kwa napier. Bahati ni kwamba ulikuwa umeandika, kwa kila namba kati ya zile kumi na nne, mzigo ambao meno yake yanaweza kubeba. Sikuhitaji kompyuta. Nilichukua rula nikaenda mstari kwa mstari. Tisa zikaanguka, na namba saba ilikuwa kati ya hizo. Zikabaki tano. Kati ya tano hizo, yenye mkono mwepesi zaidi ni namba kumi na moja. Haifiki saba, lakini mama mzima anaizungusha bila kusimama. Meno yake ni manene. Aibu yake ni uzito. Mtu mmoja hawezi kuibeba, na mwenye mgongo mbaya asijaribu.

Nilimwambia mama yako nikiwa nakunywa chai, kwa sauti ya kawaida, nikidhani nikisema polepole haitauma.

"Hiyo ni alama ya mtoto wangu," akasema. "Unataka kuitoa ukutani?"

"Sitoi karatasi. Nabadilisha gia."

"Ni kitu kimoja."

"Itavunjika, Mama Cherotich."

"Basi ivunjike ikiwa yake. Kila kitu chake kimeisha, nguo tumegawa, simu imezimwa namba. Hata hii?"

Nikamaliza chai nikarudi karakana. Tulikaa hivyo wiki tatu, tukiongea mambo ya maziwa na kuni tu. Nilijua anachotetea. Namba saba uliichagua kwa ajili ya mgongo wake, na yeye alijua. Nami nilishindwa kumwambia kwa nini namba saba ilikuwa na kosa, kwa sababu ningelazimika kumwambia kosa lilitoka mdomoni mwangu. Ilikuwa rahisi kwangu kuacha watu wadhani mhandisi mchanga alikosea hesabu. Nisamehe kwa hilo. Wiki tatu nilikuacha ubebe kosa langu na huwezi kujitetea.

Mwishowe akina mama walichoka kungoja, wakaita mkutano nyumbani kwa Mama Moraa. Nilibeba mikebe yako mitatu na maharagwe. Mama yako akaja, akakaa nyuma kabisa, amejifunga shuka kama mtu asiyekaa sana. Nilikuwa nimefunga ile gia ya pili ya namba saba. Nikaeleza kwamba mabua hayakuwa kwenye hesabu, na nikasema tugawe tena. Kabla sijamaliza, Mama Moraa akamwita.

"Mama Cherotich, kuja uzungushe. Hii ni ya mtoto wako, wewe ndio unafaa."

Alisimama. Akashika hendeli, akazungusha kidogo bila kitu, na niliona uso wake ukilainika, kwa sababu kweli ni nyepesi, Cherotich, ni kazi nzuri. Mama Moraa akaingiza fungu la mabua. Ikakata vizuri, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikaanza kutamani isivunjike. Mbele ya watu wote nikatamani niwe nimekosea kupima. Halafu ikalia, hendeli ikaruka bure mkononi mwake.

Aliinama, na mgongo wake ule, akaokota jino kwenye makapi. Akalifuta kwa shuka.

"Kuzungusha ni mara ngapi?" akawauliza akina mama, si mimi.

"Asubuhi na jioni," wakasema.

"Na kubeba?"

"Mara moja kwa wiki."

"Sasa mbona maharagwe yangu yote niliweka kwa kubeba?" Akamgeukia Mama Moraa. "Na hiyo wilbaro yako, huwa inabeba nini? Upepo?"

"Njia ya kwako ni mteremko, itateleza nayo mvua ikinyesha."

"Basi tutabeba wawili. Ama umezeeka?"

"Mimi? Nitabeba na wewe juu yake!"

Wakacheka, na kelele zikarudi. Wakagawa maharagwe. Mkebe wa meno ulijaa, wa mkono ukafuata, wa kubeba ukabaki na machache chini. Hapo namba kumi na moja ilikuwa imechaguliwa, na si mimi niliyeichagua. Nimeandika kwenye daftari lako, chini ya mwandiko wako, mabua, na nani aliyeniambia. Natumaini hujali mwandiko wangu.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya chini, mama yako mbele, mimi nyuma na mikebe. Tulipofika darajani nilimwambia nilichokuwa nimeficha. Nilisema hukukosea hesabu hata moja. Uliniuliza ng'ombe wanakula nini, nami nikakujibu bila kuinua kichwa.

Hakusimama. Alitembea hatua kadhaa, nikafikiri hakusikia kwa sababu ya maji.

"Nilikuwa hapo mlangoni nachambua mboga za managu," akasema. "Nilisikia akikuuliza. Hata mimi ningesema napier."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa mikebe miwili, nikabaki na mmoja, tukapanda mlima.

Kongoi, asante, mwanangu, kwa namba zote kumi na nne. Pumzika.

Ni mimi,
Baba yako